Jina la Ukoo la Lorna

Jumatatu, 6 Machi 1978
Mvua. Nepi hazikauki, nimezianika mpaka kwenye viti. Lorna ana siku thelathini na tisa. Sheria inanipa arobaini na mbili za kumwandikisha. Mimi na Keith hatujaoana, kwa hiyo lazima aje asaini mwenyewe, la sivyo mahali pa baba wanapiga mstari tu. Na jina la baba mtoto hapati. Keith kapiga simu kwa Bi Greenwood, mwenye nyumba wangu. Kasema yuko Hull na lori lake. Alhamisi saa saba atafika. Anakuja!

Jumanne, 7 Machi
Nimempeleka mtoto kwa mama yake Keith. Hakumbeba. Alinipa chai, akaanza habari za ukoo wao, kina Oldroyd — yupo aliyechezea Yorkshire kriketi, yupo mpiga kinanda wa kanisani aliyetunga muziki. Picha ya huyo wa kriketi kaikata gazetini, kaitundika juu ya meko. Nikamuuliza kama ni ndugu yake. Oldroyd ni Oldroyd, akasema. Kwetu sisi kina Sugden hakuna hata kichochoro chenye jina letu! Nilipovaa koti ndipo akatoa lililomkaa moyoni:

"Jina letu haligawiwi kama chai ya kanisani, binti."

Lorna alikuwa akimchekea. Masikini mwanangu.

Jumatano, 8 Machi
Simu haikulia. Leo nimeongea na Lorna tu.

Alhamisi, 9 Machi
Naandika hapa hapa ofisini kwa msajili, kwenye benchi. Tangu saa saba. Mlango ukifunguliwa nainuka — kila mara mume wa mtu mwingine. Mmoja alimshika mtoto kama mkate wa moto, mkewe akacheka. Nami nikacheka, peke yangu.

Saa tisa na nusu nikamweleza msajili, mama mmoja mpole. Kumbe nilikosea! Kasema jina la ukoo naweza kumpa mtoto lolote, hata Oldroyd, Keith awepo asiwepo. Mahali pa baba tu ndipo patabaki patupu. Nani angenizuia? Si bibi yake mtoto, wala yule wa ukutani.

Sasa ni saa kumi kasoro tano. Msajili kafungua kalamu.

"Tunafunga, mwanangu. Tumwandike nani?"

Nimemwomba dakika moja, nione kwanza majina yanavyokaa kwenye karatasi.

Lorna Oldroyd. Linapendeza, siwezi kusema uongo.

Lorna Sugden.

Lorna Sugden.

Lorna Sugd— mlango umefunguliwa. Sijainuka.