Daftari Nililodai Langu

Al Khuwair, Maskati, 9 Februari 2025

Nadra mjukuu wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadae. Mie mzima, goti tu ndilo linalojitia ugonjwa. Wewe je, chakula kinapita?

Kisa chako wote wanakihadithia vibaya. Shangazi yako Mastura anasema umekamatwa na barua ya msichana. Ami yako Marhoon anasema jinni. Mie nnahadithia watu tangu meno yangu yote yako kazini, nikitaka walie wanalia. Sikubali kisa cha nyumba yangu kiharibiwe na watu hata kukohoa kwa mpango hawajui. Nambie mwenyewe. Ukinirejeshea bakuli hili la chakula, barua itie chini ya kitambaa. Baba yako harejeshi bakuli la mama yake tupu, atadhani mna tende.

Bibi yako, mzuri kukushinda


Ansab, 12 Februari 2025

Shikamoo Bibi,

Goti pole. Mie mwili mzima. Baba kachukua simu, chuo kanisimamisha, nje sitoki. Siku nzima nnasikiliza eesi ya chumbani ikivuma.

Haikuwa barua, Bibi. Hadithi. Nilikuwa nikisoma kwenye simu hadithi za vijana, wasichana wanaopendana wao kwa wao, nchi za theluji. Nilizipenda mpaka nikalia. Lakini hakuna hata mmoja anaefukizwa udi, wala anaegombezwa kwa Kiswahili. Nikaandika yangu. Daftari zima, Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, kama ulivyonifundisha, ili kaka Muatasim, anaesoma Kiarabu tu, asiambulie kitu. Nikasahau kuwa Baba nae ulimfundisha wewe huyo huyo; kaliona, kalisoma lote.

Sasa ana swali moja: msichana wa kwenye hadithi ni nani, aende kwao. Nnamwambia hayupo. Bibi, yupo. Akimpata, na yeye watamfungia. Sijui ntanyamaza mpaka lini.

Mjukuu wako


Al Khuwair, 20 Februari 2025

Nadra,

Umzima? Mie mzima, na sauti imenikauka kwa kazi nzuri. Sikiliza.

Nilimwita baba yako, nikamtilia chai. Nikamwambia, "Khalil, lile daftari langu."

"Mama, hujui kilichomo."

"Nisijue? Mie nnahadithia ya ujana wangu, mtoto anaandika. Nani mwengine Maskati hii anaeandika Kiswahili hivyo? Macho yangu yamechoka, mkono nimeuazima kwake."

"Mama, mna simu humo. Nyinyi Unguja mlikuwa na simu?"

"Nimepamba. Nimekuzaa wewe, nishindwe kuzaa simu?"

Akaona haya kucheka. Akauliza, "Na huyo msichana?"

"Rahila. Jirani yetu Kikwajuni. Tulilala chandarua kimoja miaka mitatu. Nilimpenda, nae akanipenda, mpaka nilipoolewa na baba yako. Kafa zamani. Nenda kagonge kaburi."

Mtu mzima, wizarani watu wanainuka akiingia, akamwaga chai kwenye kanzu yake ya dishdasha. Kisha akasema polepole, "Mama, usimwambie mtu."

Basi. Msichana wako hatoulizwa. Jina lake usiniandikie, mdomo wangu huu unaujua. Lakini mlango hakuufungua, daftari hakulitoa, na mie kanambia nisije Ansab mpaka Ramadhani ipite. Nnataka kupiga kelele, na pa kupigia sipaoni.

Chini ya vitumbua mna karatasi. Anza tena.

Bibi yako


Ansab, 26 Februari 2025

Shikamoo Bibi,

Sauti imerudi? Nimekula vitumbua saba.

Ni kweli, haulizi tena. Hanitazami pia. Jana nimesikia akimwambia Mama kuna mchumba, watazungumza baada ya Idi.

Nimeanza tena. Kurasa kumi na mbili, ziko ndani ya mto. Nnataka kumtia Rahila wako. Alikufa vipi? Ulikuwepo?

Mjukuu wako


Al Khuwair, 1 Machi 2025

Nadra,

Ramadhani njema, mwanangu. Goti limenishinda, nnaandika nimelala. Mchumba mwambie hapana, na kila siku umwambie tena. Mie sikusema hata mara moja.

Mtie Rahila. Chandarua kweli, miaka mitatu kweli, hata jina kweli, sikuwa na akili ya kuzua jengine. Nimezua moja tu. Hakufa. Nilimuua mie, asije akagongewa mlango.

Anakaa Ghubra, hapa hapa Maskati, ana wajukuu kumi na mmoja. Kila Ijumaa nikiletwa kwenu, gari ya baba yako ilikuwa ikinipitisha mlangoni kwake. Sijapata kusema, "Simama."

Bibi yako