Ujumbe wa Achieng Uko Kwenye Simu Yangu

Mpendwa mshauri Bhoke, naomba msaada wako, na nakuomba ukifika katikati ya barua hii usiitupe, maana nimejichukia vya kutosha mimi mwenyewe kabla hujaanza. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, nakaa Homa Bay mjini, nina nyumba ya kupangisha yenye vyumba vinne, watoto wangu wote wametoka, Cephas yuko Nairobi na Beverly ameolewa Kisii, wananipigia simu Krismasi na nikiugua, kwa hivyo mwaka nisipougua nawasikia mara moja tu.

Miaka miwili iliyopita alikuja kwangu msichana wa Sudan, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa mjini, vita vilimtoa Khartoum akiwa mwaka wa kwanza, alifika saa sita mchana na begi moja akaniomba chumba kwa Kiswahili cha maneno manne, nikamwita Achieng kwa sababu kwetu mtoto anayekuja jua likiwa juu huitwa hivyo, na jina likamkaa mpaka wenzake chuoni wakaanza kumwita hivyo. Sijui ni siku gani aliacha kuwa mpangaji akawa mtoto. Labda ni ile Ramadhani ya kwanza nilipomkuta anafungua kwa maji na mkate mkavu, nikamgombeza, nikaanza kumpikia uji na samaki kila jioni, naye akaanza kuniita Yumma, ambayo ni mama kwa Kiarabu chao. Mama yake mzazi yuko Port Sudan na huwa tunaongea kwa simu, yeye Kiarabu, mimi Kiswahili, mara nyingi tunacheka tu basi, lakini siku moja Achieng alinitafsiria maneno yake. "Mama anasema, nimekuwekea mtoto wangu, mtunze mpaka aende mbele." Nililia siku hiyo, na sasa nikiyakumbuka hayo maneno nalia kwa sababu nyingine.

Mshauri, lazima nikueleze habari ya Kijapani, maana ndiko balaa lilikotokea na mimi ndiye niliyelileta nyumbani. Nilipokuwa msichana nilipika miaka minne kwa Wajapani waliokuja kuchimba visima kule Karungu, nikajifunza Kijapani cha jikoni, kile cha karibu, kula, asante, ongeza wali. Sasa nilikuwa namwona Achieng na wenzake watano wa Sudan wamekaa kwenye veranda yangu, chuo chao cha kwanza kimefungwa na vita, kesho yao hawaijui, nikawaambia, "Jifunzeni Kijapani, kule kuna nafasi za masomo, na nyinyi mna vichwa." Wakacheka. Achieng akasema, "Yumma, hata Kiswahili bado tunakibeba kama maji kwa mikono!" Nikaenda nikatoa kitabu nilichoachiwa na mhandisi mmoja, wao wakakifungua kwa nyuma kama wanavyofungua vitabu vyao vya Kiarabu, nikafungua mdomo niwasahihishe, kumbe ndiko mwanzo wa kitabu ulikokuwa, miaka zaidi ya thelathini nimekuwa nikikishika kinyume! Achieng akasema, "Wallahi, hawa watu ni wa kwetu." Ndivyo darasa lilivyoanza.

Kuanzia hapo kila Jumapili nikitoka kanisani veranda inajaa, mimi nawapa kuzungumza, kusoma na kuandika wanapata kwa mwalimu wa mtandaoni, tukabandika matangazo chuoni kwa Kiarabu na Kiswahili kwamba anayetaka kusoma Japani aje kwa Mama, wakaongezeka hata Wakuria wawili kutoka Migori, na mwaka jana msichana mmoja wa Sudan akapata ufadhili akaenda, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani Beverly anaolewa mara ya pili. Lakini hodari kuliko wote ni Achieng. Alibandika karatasi kwenye kila kitu jikoni mwangu, sufuria, mkebe wa sukari, mwiko, mlango, kila karatasi ina maneno matatu, Kijapani, Kiarabu na Dholuo, na kila asubuhi akienda chuo husimama mlangoni akasema "itte kimasu", yaani naenda nami nitarudi, mimi namjibu "itterasshai", nenda urudi, ndivyo Wajapani wanavyoagana, na siku isipoanza hivyo kwetu sisi naona kama sijanawa uso.

Basi dhambi yangu ndiyo hii. Achieng hana laini ya simu ya jina lake, karatasi zake za ukimbizi hazijakamilika, kwa hivyo alipoomba ufadhili aliandika namba yangu. Tarehe tano nilikuwa nachambua omena, dagaa wetu wa ziwani, simu ikalia, nikasoma kwamba amechaguliwa, anatakiwa kwenye usaili Nairobi Alhamisi tarehe ishirini na sita, na athibitishe kabla ya Jumatatu tarehe ishirini na tatu saa kumi jioni, asipothibitisha nafasi atapewa mwingine. Mshauri, nilifurahi kwanza, Mungu ni shahidi, nilisimama nimwite. Halafu nikaona kile kistuli anachokalia akinisaidia kupika, nikakaa tena. Nikajiambia nitamwambia akimaliza kula, akamaliza kula, nikajiambia nitamwambia kesho, na kesho nikajiambia Jumapili mbele ya wenzake wote, na Jumapili nikasema kichwa kinaniuma nikafunga darasa. Leo ni siku ya kumi na moja. Kila jioni ananiuliza, "Yumma, hakuna ujumbe?" nami namjibu, "Bado, nyathina," maana yake mtoto wangu, hilo ndilo jina ninalomwitia nikimdanganya. Ujumbe sijaufuta, kila nikitaka kuufuta mkono unakataa.

Kilichonivunja ni jana. Nilirudi sokoni nikakuta karatasi zote jikoni zimebanduliwa, hata ile ya mlangoni. Nikamuuliza kulikoni, akaniambia huku anaosha vyombo, wala hajageuka, "Kijapani hakinitaki, Yumma. Wenzangu wawili wameitwa, mimi sijaitwa. Si neno. Nitakaa hapa na wewe." Mshauri, hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayatafuta siku zote hizi, na nilipoyapata sikuyataka.

Nikimwambia sasa atajua nilimtazama machoni nikamdanganya, na ataondoka na hasira, si kwenda Japani tu bali kwenda kabisa. Nisipomwambia atabaki, na nitakuwa nimemnyima mtoto wa mwenzangu maisha yake ili nipate mtu wa kunichambulia omena. Nifanye nini? Usitaje jina langu tafadhali, na namba sikuandika kwa sababu ukinipigia anaweza kupokea yeye. Barua nitampa muuza magazeti aiweke kwenye mizigo yenu. Ukurasa wako Achieng ndiye hunisomea kila Jumamosi baada ya chai, kwa sauti, ili Kiswahili chake kinyooke na mimi nipumzishe macho, kwa hivyo jibu utakavyoona.

Ni mimi, Mama Mwenye Nyumba, Homa Bay.

BHOKE ANAJIBU

Mama, barua yako ilinifikia hapa Migori siku ya Jumatano ndani ya furushi la magazeti yaliyokosa wanunuzi, na nimeirusha mbele ya barua thelathini za watu walioachwa na wapenzi wao. Wanisamehe. Aliyeachwa anaweza kungoja wiki moja zaidi, lakini Jumatatu saa kumi haimngoji mtu.

Sikuchukii. Mficha uchi hazai, na wewe umejitokeza mwenyewe bila kushikwa na mtu. Lakini nitakusema, na usinikunjie uso, maana ulijua unamwandikia nani.

Umekosa, Mama. Usinipambie na vichwa vya kuuma na Jumapili za baadaye. Binti wa watu alipopata safari mwaka jana ulipiga vigelegele mtaa mzima ukasikia, zamu ya wa kwako ilipofika ukakalia simu. Mkuki kwa nguruwe! Nani alitoa kitabu kabatini? Nani alizunguka chuo na matangazo akiwaambia vijana waliofukuzwa na mabomu kwamba wana vichwa na dunia bado ina mlango? Ni wewe. Huwezi kumfundisha mtoto kutembea miaka miwili halafu ukamfichia viatu. Na yule mama wa Port Sudan alikwambia umtunze mpaka aende mbele. Hakusema mpaka mwenye nyumba azoee upweke. Yeye alimwachia mtoto avuke mpaka peke yake, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hivyo usifikiri wewe ndiye wa kwanza kuuonja.

Tena kuna hili linaloniuma kuliko yote. Kuficha ujumbe ni kosa moja. Kumwacha mtoto asimame kwenye karai la vyombo akiamini kwamba hafai, na wewe jibu liko mfukoni, hilo ni la pili, na hilo ndilo utakaloliombea msamaha kwa jina lake.

Haya, vuta pumzi. Sikusemi kama mtakatifu. Mwanangu Mirumbe alipopata kazi Mwanza, mimi huyu unayeniita mshauri niliugua mgongo wiki mbili. Nililala kitandani nikimtazama anafungua mizigo aliyokwisha kuifunga. Mama mkwe wangu akaja, akanitazama kidogo tu, akasema, "Bhoke, huo mgongo unaumia Mwanza." Akampeleka mtoto stendi siku hiyo hiyo, na nikapona kabla basi halijafika Sirari mpakani. Sasa Mirumbe hunipigia kila Jumapili, na mara nyingine ni mimi ninayemwambia aache kupiga, napika. Sijui kama angebaki kwa ajili ya mgongo wangu tungekuwa na la kuongea leo.

Kwa hivyo fanya hivi, na ni leo. Mpe ujumbe ausome mwenyewe kwa macho yake, usimsimulie. Athibitishe leo, siyo Jumatatu, maana mtandao wetu mnaujua. Apande basi la asubuhi Jumatano awe Nairobi mapema, na kama wale wenzake wawili waliitwa siku hiyo hiyo wasafiri pamoja. Abebe karatasi zake za asili, siyo nakala tu, na Jumatatu hiyo hiyo aende kuulizia hati ya kusafiria ya wakimbizi, kwa sababu hiyo huchukua muda mrefu na wengi huikumbuka wakati wameshachelewa. Mpigie mama yake Port Sudan, umwambie ulichofanya, Achieng atafsiri. Utaona aibu, ndiyo, ona tu. Na tafadhali usianze kwa kumchinjia kuku! Nawajua. Mtu wa ziwani akikosa anachinja, akidhani mtu hawezi kukasirika akiwa anatafuna paja. Omba msamaha mdomo ukiwa mtupu, kuku atafuata.

Jumapili veranda ifunguliwe. Kuna vijana wengine pale wenye Kiarabu chao na ndoto zao, na wale Wakuria wangu wawili, na hawana mwalimu mwingine wa kuwafundisha kuomba wali uongezwe. Upweke wako hautaisha kwa kumfungia mmoja ndani. Na Cephas na Beverly, kama mnasoma, mama yenu si lazima augue ndipo mumpigie.

Sasa nina neno la mwisho, Mama. Ulisema nisitaje jina, sikutaja. Lakini niambie, Homa Bay kuna wajane wangapi waliowapikia Wajapani kule Karungu? Hata kuku wako wanajua ni nani. Na ukaniandikia chini kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Achieng ndiye anayekusomea ukurasa huu kwa sauti. Mama, ushauri ulikuwa nao tangu siku ile ulipokaa tena mbele ya omena. Ulichokosa ni mdomo, ukaamua kuazima wa kwake. Ningekuwa na namba yako ningekupigia nikakulazimisha umwambie mwenyewe. Hukunipa, na siku zinaisha, kwa hivyo nimechapa yote kama ulivyoandika, na kama ni kosa basi tumekosa wawili.

Simu iko mfukoni, najua. Itoe. Usijieleze, maelezo yameshasomwa. Na Jumatano asubuhi akisimama mlangoni na begi lake, umjibu lile neno lenu. Miaka miwili umelisema ukiisikia ile nusu ya urudi peke yake. Safari hii mwambie pia nenda, na ikutoke moyoni.

Nawe binti, pole. Ulijitambua tangu kichwa cha habari, jina lako liko pale juu. Kijapani kinakutaka, mwanangu, kimekuita tangu tarehe tano. Kasirika kadiri unavyotaka, hasira haizuii basi. Lakini umesoma barua yote hii kwa sauti, mbele ya aliyekudanganya, na hujainuka kwenye kistuli. Yeye ameliona hilo, kama nami ninavyoliona kutoka huku. Weka gazeti chini sasa. Mama yako ana kitu cha kukupa.