Nilidhani ni Kwelea Kwelea

Alhamisi, Madibira. Upepo wa baridi tangu asubuhi, na jua la kudanganya tu. Moyo umejaa shukrani.

Leo nimeponea chupuchupu kuua mtu.

Niliitwa huku kupiga picha mashamba ya mpunga kwa droni, ili wakulima waone maji yanakwama wapi. Kibali ninacho, na napenda kukionyesha hata kwa asiyeniuliza. Asubuhi msimamizi wa skimu ya umwagiliaji aliniambia wazi: ikifika saa kumi jioni droni iwe chini, kwa sababu ndege ya kunyunyizia dawa itapita chini chini kwenda kwenye matete wanakolala kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaomaliza mpunga. Nikaitikia vizuri kabisa.

Saa kumi ilinikuta nimebakiza kipande kimoja. Nikajiambia, dakika tano tu, nimalize nirudi zangu Iringa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Ila guu ambalo lingevunjika leo halikuwa langu.

Jirani yangu siku nzima alikuwa Mama Aneth, anayeamia ndege kwenye shamba lake. Tangu alfajiri anapiga debe, anarusha mabonge ya udongo, anapaza sauti: "Ndege! Ndege inakuja!" Sisi wa mikoa hii mambo ya ngeli tuliyaacha shuleni. Ndege mla mpunga na ndege ya abiria, zote kwetu "inakuja". Kwa hiyo alipopaza sauti tena, mimi macho kwenye skrini, nilicheka. Nikamjibu bila kugeuka, "Waache na wao wale, mama!"

Bonge la udongo likanipata mgongoni.

Niligeuka na hasira zangu. Mama Aneth hakuwa anatazama mpunga, alikuwa ananyoosha kidole upande wa milima. "Siyo ya mpunga, wewe! Yenye mtu ndani! Shusha!"

Hapo ndipo nikausikia muungurumo. Sijui vidole vilifanyaje kazi. Droni iligusa tuta, na sidhani kama ningeweza kuhesabu hata hadi kumi kabla ndege haijapita juu yetu, chini kiasi cha kuiona kofia ya rubani.

Nilikaa kwenye tope nikalia. Mtu mzima na ndevu zangu. Mama Aneth akaja akanifuta mgongo kwa kitenge chake. "Pole, mwanangu. Sasa kama ningekukosa, je?"

Swali hilo nimekuwa nalo hadi sasa. Namshukuru Mungu kwa shabaha ya yule mama, na kwa kila kwelea aliyemfundisha kulenga. Namshukuru pia kwamba hakuogopa kumpiga mtu mwenye kibali.

Hajamwambia yeyote. Anasema habari hii ni ya mdomo wangu, siyo wake. Basi kesho kabla ya chai naenda kwa msimamizi kumweleza yote, hata kama kibali kitaishia hapo hapo mezani kwake. Nitaomba pia anikutanishe na rubani.

Nilisahau kuandika: alipokuwa anatupita, rubani alitupungia mkono. Alitupungia sote wawili, na aliyestahili alikuwa mmoja tu.