Tone la Mwisho la Ganga

Bi Kamla, jirani yangu,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa nilipokaa, kwa mazoea, kisha nikasubiri kama mjinga ile marahaba yako ya kuvuta ipite juu ya ukuta wetu. Haikuja. Duka lako limefungwa, na mrehani uliouotesha kwenye kopo la samli nimeuhamishia kwangu. Wewe ulichuma majani yake kwa ajili ya miungu yako, mimi kwa ajili ya kikuba changu cha kunukia, na hatukuwahi kugombana.

Nakuandikia kwa sababu majivu yako yamo kabatini mwangu, na sijui niyafanyeje.

Mwanao Dilip alikuja kutoka huko ughaibuni, akakupeleka Dar es Salaam ukachomwa kama dini yenu inavyotaka, akarudi Kilindoni na mtungi mdogo uliofungwa kitambaa chekundu. Nilimkumbusha kwamba ulitaka upelekwe kwenye mto wenu mtakatifu wa Ganga, kule India. Akainamisha kichwa. Alisema ruhusa aliyopewa kazini imekwisha, na mto wenyewe siku hizi umegeuka mtaro wa maji machafu.

"Dada, yamwage hapa hapa baharini. Mama hatajua."

Nilimkasirikia sana, Bi Kamla, na bado sijapoa.

Unaikumbuka ile video ya Ganga aliyokutumia? Tulikaa barazani kwako, simu nimeishika mimi maana macho yako yalikuwa yamechoka. Mapovu meupe yamefunika maji, maji ya viwandani yanamwagika, maua ya ibada yanaoza pamoja na mifuko ya plastiki, na watu wanaoga katikati yake huku wamefumba macho. Nilitaka kuizima, ukanizuia mkono. Ukatazama mpaka mwisho, halafu ukasema, "Mama yako akiugua, utaacha kumwita mama?" Ukajifuta machozi kwa ncha ya sari. Siku ile hukula.

Mto huo uliuona mara moja tu maishani, ukiwa mtoto, umeshikwa mkono na baba yako. Yeye ndiye aliyelijaza lile kopo la shaba ulilokuja nalo hapa kisiwani Mafia ulipoolewa. Siku zote niliamini ni maji yale yale, hadi uliponituma nikuchotee maji ya kisima chetu, ukayaongeza humo. Nilicheka, nikakwambia hiyo si Ganga tena, ni Kilindoni. Hukucheka. Ulinieleza kwamba tone moja la Ganga likiingia kwenye maji mengine, yote yanakuwa Ganga, ndiyo maana kopo halitakiwi kukauka. Tangu hapo kazi ya kuchota ikawa yangu.

Na kila masika, maji ya mto Rufiji yalipovuka kuja kuitia bahari yetu rangi ya chai ya maziwa, ulikuwa ukishuka ufukweni kuokota chupa za plastiki zilizokuja na magogo na magugu. Watu walikutania kwamba mama wa dukani anataka kuifagia bahari. Uliwajibu kwamba Rufiji naye ni mama wa watu, halafu ukaendelea kuinama na kiuno chako kibovu.

Ulipougua sote tulikuwa na wewe, hakuna aliyekuwa na habari ya kopo. Asubuhi ile pumzi zako zilipobadilika, Dilip akiwa bado njiani, ulinionyesha kwa kidole lilipo. Nililifungua nikakuta karibu limekauka. Nikaliinamisha juu ya jani la mrehani, likadondoka tone, nikalitia mdomoni mwako. Mimi, Mwislamu, huku moyoni nasoma kile ninachokijua. Ukameza. Baada ya hapo hukumeza kitu kingine.

Hapo ndipo nilipokwama. Lingebaki tone moja, ningelitia baharini kwanza, majivu yakafuata, na kwa imani yako ingekuwa umefika. Nimelitikisa kopo, nimelipindua, nimeingiza kidole hadi chini. Limekauka. Nililia kuliko nilivyolia siku ya msiba, maana siku ile angalau nilijua la kufanya.

Kesho asubuhi maji yakijaa nitashuka na mtungi wako, peke yangu. Ni masika sasa, Rufiji imeshavuka, na ufukwe umejaa takataka tangu ulipoacha kushuka. Nitaokota chupa kwanza, kiasi nitakachoweza. Sina wa kuniambia kama ninakosea. Sheikh siwezi kumuuliza, na mwanao hapokei simu.

Buriani, Bi Kamla. Nitakutia majini polepole. Kopo ni kavu, lakini tone la mwisho ulilimeza wewe, na sina jingine la kuigeuza bahari hii iwe Ganga ila wewe mwenyewe.

Jirani yako wa ukuta mmoja,
mchota maji wako