Kabla ya Kuuliza Ugonjwa

Kemambo, Tarime

Mjukuu wangu Bhoke,

Hapa nyumbani tu wazima, na ng'ombe mwekundu amezaa. Umeniuliza kwa nini wazee wanaikimbia mashine ya kupokea wagonjwa uliyoibuni kwa zahanati yetu, hadi mwalimu wako wa chuo anataka uiache.

Nilipokuwa darasa la sita nilimsindikiza mama kwa nesi mgeni, asiyejua Kikurya, nikawa mkalimani.

"Unaumwa nini?" nesi akauliza. Mama akanigeukia mimi.

"Mwambie ajibu, foleni ni ndefu!"

Mama akaninong'oneza, "Huyu anataka kujua tumbo langu, na ng'ombe hata hajawaulizia!"

Basi nikamsalimia mama kwa niaba ya nesi: habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Akajibu zote, akatulia, kisha akaonyesha panapouma.

Mashine yako nayo inaanza na ugonjwa. Niliiona ulipoijaribu pale zahanati. Usiiache, Bhoke. Ifundishe kusalimia kwa Kikurya na kungoja jibu, ndipo iulize. Ukimaliza uilete, nami nitakuwa mgonjwa wa kwanza kukaa mbele yake.

Mungu akutie nguvu mikononi,
Bibi yako Nyangi