Kisanduku Kimoja Tu

Nyalenda, Kisumu
Jumatatu jioni

Mdogo wangu Walter,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Joto la Kisumu unalijua. Rachael mkeo ni mzima, watoto wako wanakula vizuri, na Mama yupo, ila magoti yamemkatalia kabisa kufika shambani. Basi salamu zimetosha. Sasa keti chini, omera, ndugu yangu, maana nimekasirika.

Utauliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Ujumbe wa simu wewe huujibu kwa kidole gumba, halafu kimya. Tena bahasha haikuniuliza neno la siri. Nimeandika jina lako juu, nitalamba, nitafunga, imekwisha. Kumbe mambo yanaweza kuwa rahisi hivyo.

Unakumbuka tulianzisha ile blogu ya bustani kwa sababu gani. Mwaka jana niliandika mapema kabisa kwamba mtu asipande mboga, managu wala sukuma, kule bondeni mpaka maji yapite, nikaeleza na namna ya kupanda kwenye magunia uani. Nani alisoma? Mimi na wewe! Maji yakaja, na akina mama wa kwetu Pap Onditi wakasimama kandokando wakitazama miche yao ikienda. Na mvua ndefu hizi hapa tena zinakaribia.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda nyumbani Nyakach, nikafuatana na rafiki yangu Nangila, yule wa Bungoma asiyejua kunong'ona. Tuliwakusanya wake za boma letu na za binamu zetu kwenye baraza ya Mama, nikawaonyesha jinsi ya kujiunga ili kila nikiandika, habari iwafikie. Walter, niliona aibu. Fomu uliyotengeneza inataka jina la kwanza, jina la ukoo, barua pepe, neno la siri lenye herufi kubwa na namba na alama ya mshangao. Ukimaliza hayo inakuletea picha ndogondogo, uchague zenye bomba la kuzimia moto. Bomba la kuzimia moto, Nyakach! Sisi moto tunauzima kwa ndoo na mayowe.

Niliwaambia wasijali, nitawajazia mmoja mmoja. Simu zikarudi mifukoni, wakaanza kusifu chai. Nikadhani ni yale uliyoniambia wakati wa Krismasi, kwamba wanawake wa kijijini wamezubaa, na kwamba tovuti ya heshima haichukui kila mtu, inachuja wasomaji wa maana. Wasomaji wa maana ni akina nani, Walter? Mpaka leo tuko watatu: mimi, wewe, na yule roboti wa kuuza viatu. Wewe na mitego yako ya kunasa roboti, na roboti ndiye aliyepita!

Nangila hakuvumilia. Aliwauliza waziwazi wanaogopa nini. Wakacheka, kisha Winny, mke wa binamu yetu Oluoch, akasema hawaogopi kitu, wanangoja. Alisema yale ninayoandika ni mafunzo ya Mama na mbegu ni za Mama, kwa hiyo hiyo blogu ni shamba la boma hili. Na katika boma hakuna mke anayetia mbegu ardhini kabla mama mwenye boma hajatia ya kwanza. Mama akifungua, nao watafuata siku hiyo hiyo, kwa zamu zao. Nangila alinigeukia akasema kwao mtu hupanda mvua ikinyesha. Mimi nikawaka, nikasema huu ni mtandao, si shamba, desturi ibaki kwenye udongo. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, wala hakuinua kichwa.

Baadaye Rachael alinivuta nyuma ya jikoni. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na Mama alimkataza asiseme, hasa kwako, kwa kuwa hakutaka uumie.

Mama alishajaribu. Aliona magoti hayatamfikisha shambani mwaka huu, akamwambia Rachael kwamba hata hivyo ataufungua msimu, ataufungua kwa lile shamba la watoto wake la kwenye simu. Simu yake ni kabambe, ile ya vitufe isiyofungua mtandao, kwa hiyo aliazima ya Rachael. Barua pepe hana, Rachael akamtilia yake. Neno la siri likakataliwa, wakabadilisha, likakubaliwa. Zikaja zile picha. Mama akavaa miwani, akagusa, fomu ikasema amekosea. Akarudia, ikasema amekosea. Halafu ikamtaka athibitishe kwamba yeye ni binadamu.

Walter, mama aliyekuzaa! Rachael anasema alivua miwani, akairudisha simu taratibu, akasema pengine mambo hayo hayataki wazee. Akaenda kulisha kuku. Nimelia njia nzima kurudi Kisumu, na Nangila, huyo huyo, alininong'oneza pole.

Sasa nisikilize, kwa kuwa funguo za tovuti unazo wewe peke yako. Ng'oa hiyo fomu yote. Acha kisanduku kimoja tu, mtu atie namba yake ya simu, na nikiandika, apate ujumbe mfupi hata kwenye kabambe. Mfukuze yule wa viatu. Kisha futa jina lako na langu, maana sisi wawili tulipanda kabla ya mama yetu na hatukujua hata kuona haya.

Nakujua. Ukimaliza utataka kujaribu kama kinafanya kazi. Usitie namba yako, Walter, wala ya mtu mwingine yeyote. Kiache kitupu. Jumamosi nitampelekea Mama simu yangu.

Wasalimie wa kanisani kwako. Mama angekusalimu, ila hajui kwamba nimekuandikia.

Dada yako anayekupenda, na bado amekasirika,
Lornah