Kamera ya Kumnasa Mzimu wa Stoo

Nyumba ya Mlango wa Bluu,
Vyumba vya nyuma,
Jumapili, tarehe 14, baada ya chai.

Mpendwa Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya nyongeza kwa kuchelewa kukuandikia. U hali gani? Goti linaendeleaje, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na miwani aliyokutengenezea mkwe wako inakukaa vizuri, au inateleza ukiinama? Amesema kama inateleza umrudishie, ataikaza kwa mkono wake mwenyewe. Ndivyo alivyo, Shangazi. Hawezi kusikia pua ya mtu inahangaika akatulia.

Sisi tu wazima kabisa. Leo ni siku ya arobaini na moja tangu harusi, na bado nikimwona anavua viatu mlangoni moyo unanidunda kama vile ndiyo kwanza tunajuana. Asubuhi ananitengenezea chai. Anaweka sukari nyingi mno, nami nainywa yote mpaka chini. Wenzangu pale mapokezi kwa daktari wa meno wamenipiga marufuku kusema "mume wangu" zaidi ya mara tatu kabla ya saa nne. Juzi nilimaliza zangu zote saa mbili na nusu.

Lakini najua unachongoja. Nilipokuandikia habari za mzimu ulinijibu kwamba umecheka mpaka ukakohoa, ila hukusema unacheka nini. Basi tulia kwenye kiti, weka kikombe mbali, nikupe yote.

Unakumbuka stoo yetu, ile ya mwisho wa korido, tunapoweka masanduku, ndoo na zawadi za harusi ambazo bado hatujui ni za kazi gani. Tangu wiki ya kwanza, kila usiku, mngurumo ulikuwa unatoka mle. Ni kama mtu anaburuta kabati sakafuni. Halafu kimya. Halafu filimbi nyembamba. Halafu kabati tena.

Usiku wa kwanza nilijifunika gubigubi, nikamkumbatia mume wangu kwa nguvu zangu zote, uso nimeuzika kifuani pake. Hakutikisika. Hakusema neno. Hata mapigo ya moyo wake sikuyasikia, jinsi alivyokuwa mtulivu. Nikasema moyoni, jamani, huyu ndiye mwanaume. Asubuhi nikamsifu sana kwa ushujaa wake, naye akainamia kikombe kwa haya. Nikaona kumbe ni mnyenyekevu pia.

Kuogopa peke yangu ningevumilia. Tatizo ni kwamba ukuta wa stoo ndio ukuta wa jirani yetu, Fundi Cherehani, naye alikuwa anasikia vilevile. Akawaambia wateja wawili, na wateja wawili wa Fundi Cherehani ni sawa na mtaa mzima. Jumatatu hii iliyopita Mama Mwenye Nyumba alikuja, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Miaka ishirini na sita niko humu," alisema, "sijawahi kuwa na mzimu. Huyu amekuja na nyinyi, pamoja na hayo masufuria yenu mapya. Sasa Jumamosi, saa nne asubuhi, nataka nimwone kwa macho yangu. Msiponionyesha, mmeichafulia nyumba yangu jina bure, na geti mnalijua lilipo."

Nililia, Shangazi. Ni vyumba viwili tu, najua, na bomba la jikoni linatoa maji likitaka lenyewe. Lakini rafu zile alizipiga rangi mume wangu usiku mmoja kabla ya harusi, na nyuma ya mlango wa chumbani ameandika kwa penseli tarehe tuliyohamia. Mtu anabeba sufuria akihama. Mlango wenye tarehe yake ataubebaje?

Wazo la kamera lilikuwa langu. Mgonjwa mmoja pale kliniki, akingoja ganzi imshike, alinieleza kwa nusu ya mdomo kwamba kuna watu wanawinda mizimu kama wengine wanavyotazama ndege, na kwamba chombo chao kikubwa ni kamera ya video inayoona gizani. Nilipomwambia mume wangu jioni ile, chai ilimpalia mpaka nikampiga mgongoni.

"Kamera?" akasema. "Ya nini, mke wangu? Tumwombee tu, ataondoka mwenyewe."

Nikamwambia Mama Mwenye Nyumba hakusema anataka maombi, anataka macho.

Jumatano tukaenda kwenye duka la vyombo vilivyotumika, la yule mtu wanayemwita Profesa kwa sababu hakuna swali asilolijibu. Akatuuliza tunataka kamera ya kazi gani. Mume wangu akasema ya kurekodi usiku. Mimi nikaongeza, chumbani. Profesa akatutazama, akazitazama pete zetu zinazong'aa, akashika kidevu.

"Mimi siulizi, bwana harusi," akasema. "Wateja wangu wote ni siri yangu."

"Siyo hivyo!" nikasema. "Ni ya kumnasa mzimu!"

"Ndiyo, bibie," akasema. "Wengine huita hivyo."

Shangazi, nilitamani niingie ndani ya droo ya betri nijifungie.

Akapanga kamera tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ndogo, nyekundu, nzuri kama kopo la poda. Ya pili nyeusi, nzito kidogo, ina taa yake ambayo macho ya mtu hayaioni lakini kamera inaiona, hivyo gizani inatoa picha ya kijani. Ya tatu lilikuwa dude la kubeba begani, la wapiga picha wa harusi wa zamani, na hilo ukiliwasha lilinguruma kuliko mzimu wetu.

Sasa, wewe unajua mkwe wako ni fundi wa miwani. Kazi yake ni lenzi kutwa nzima. Niliamini nimekuja na mtaalamu. Akaishika ile nyekundu, akaigeuzageuza, akasema hii ndiyo. Ina rangi safi kuliko zote.

"Rangi?" nikamwuliza. "Mzimu ana rangi gani mpaka tuhitaji rangi safi?"

"Hatujui," akasema. "Ndiyo maana."

Nikauliza betri yake inakaa muda gani. Profesa akasema dakika hamsini. Mume wangu akasema dakika hamsini zinatosha, mzimu naye ana shughuli zake. Kisha akasema ile nyeusi haifai kwa sababu kijani kinamfanya mtu aonekane mgonjwa. Kisha akasema ina uzito, itaangusha kabati. Kisha akasema lenzi yake ina mkwaruzo, akamwonyesha Profesa, Profesa akalamba kidole akaufuta mkwaruzo.

Mimi nikataka tuzijaribu. Profesa akatuingiza kwenye chumba chake cha nyuma, kisicho na dirisha, akazima taa. Giza totoro, Shangazi. Mume wangu akanishika mkono, na kwa kweli nilisahau kidogo tumefuata nini. Ile nyekundu ikaonyesha weusi mtupu. Ile nyeusi ikaonyesha kalenda ukutani, nikasoma hata tarehe, na bakuli la chakula cha mchana cha Profesa, na mende mmoja aliyesimama pembeni mwa bakuli na macho yanawaka kama taa za gari.

"Hii," nikasema. "Pamoja na betri kubwa inayofika asubuhi."

Taa ilipowaka nikaona mume wangu anatiririka jasho. Nikamfuta kwa leso yangu. Nikafikiri, masikini, anamwogopa yule mende.

Alhamisi usiku tukaiweka kamera juu ya kabati, inatazama kitanda na mlango na korido mpaka mwisho. Aliipanga yeye, akisema lenzi ni kazi yake. Asubuhi tukafungua, na kwa saa nane nzima hakukuwa na kitu ila weusi. Alikuwa amesahau kuondoa kifuniko cha lenzi! Fundi wa miwani! Sauti ilikuwepo, kabati likiburutwa na filimbi yake. Nikamwambia umesikia? Akasema labda ni betri. Nikampelekea Mama Mwenye Nyumba ile sauti, akasema hata redio yake inanguruma na haijawahi kumwita mzimu.

Ikabaki Ijumaa peke yake. Kabla ya kulala nilipanda kwenye stuli kuiaga kamera, nikakuta kifuniko kimerudi palepale kwenye lenzi. Nikasema moyoni, mume wangu mpenzi, msahaulifu hivi. Nisimwaibishe mara ya pili. Nikakitoa taratibu, nikakitia mfukoni mwa gauni, nikashuka kimya. Nikalala.

Jumamosi saa nne kamili Mama Mwenye Nyumba alifika na kiti chake mwenyewe, na Fundi Cherehani nyuma yake na sindano bado ziko kwenye blauzi. Mama alikuwa ameagiza mtu yeyote asiifungue kamera kabla yake, tusije tukatengeneza mzimu wetu. Mume wangu alikaa ametulia kabisa. Aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, "Ikiwa hakuna kitu, tutapata nyumba nyingine, usilie." Nikamwona anapenda amani tu.

Nikawasha. Kijani kikatokea.

Mume wangu akaruka kutoka kwenye kiti. "Kifuniko!" akasema. "Nilikitoa usiku, usijali," nikamwambia, nikampiga busu la shavu. Akakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa jino lake linang'olewa.

Kwenye skrini mimi nimelala. Yeye ananisikiliza pumzi, anaamka. Anachukua blanketi la akiba, analikunja, analivisha shati lake jingine la kulalia, analifunga vifungo, Shangazi, vyote, mpaka cha kola, analilaza mahali pake. Halafu anachukua mto na godoro la wageni, ananyata. Mlangoni anajigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti, anaruka kwa mguu mmoja huku anauma mto asipige kelele. Anapotea ndani ya stoo. Dakika tano baadaye, kabati likaanza kuburutwa.

Mama Mwenye Nyumba akasogeza kiti karibu. Kisha kwenye skrini naonekana mimi ninashtuka, najifunika, nalikumbatia lile blanketi, na sauti yangu inasikika vizuri kabisa: "Usiogope mume wangu, niko nawe."

Mama Mwenye Nyumba alicheka mpaka kiti chake kikalia. Fundi Cherehani alitoka nje, akarudi, akatoka tena. "Mzimu wenyewe amevaa pajama!" akawa anasema. "Na mimi nimelala na mkasi chini ya mto wiki tano!"

Mimi sikucheka. Nilimgeukia nikamwuliza kwa nini.

Akasema, akitazama mikono yake, kwamba shuleni bweni zima lilikihamishia kitanda chake karibu na bafu. Kwamba kaka zake humwita Mashine ya Kusaga, na asubuhi ya harusi walimwambia kwamba bibi harusi hatamaliza wiki. Alitaka kwanza nimzoee mchana, kisha anizoeze usiku kidogo kidogo.

"Na nyumba je?" nikamwuliza. "Ungeacha tufukuzwe?"

"Nyumba ningetafuta nyingine," akasema. "Wewe ningekutafuta wapi?"

Basi Mama Mwenye Nyumba akajifuta machozi ya kicheko. Kisha akasimama, akakunja kiti chake. Akasema tukae, ila mzimu alale chumbani kwa mkewe, mbali na ukuta wa watu. Mlangoni akageuka. "Marehemu wangu alikuwa anakoroma hivyohivyo," akasema. "Na filimbi pia." Akaenda zake, na hakutucheka tena.

Sasa najua ulicheka nini, Shangazi. Ulipokuja kunifunda uliniuliza, "Anakoroma?" Nikakujibu kwa kiburi kwamba mume wangu analala kama malaika. Nimekuja kutubu. Jana usiku kwa mara ya kwanza alilala kando yangu mpaka asubuhi, na madirisha yalishiriki. Mchana nilikuwa nimeomba pamba kwa daktari wa meno, ile ya kuweka kwenye fizi. Sikioni inakaa vizuri sana. Lakini saa kumi alijigeuza akanyamaza, na ule ukimya ndio ulioniamsha. Nikamsukuma kidogo begani. Kabati likaanza tena, nikalala.

Profesa ametutumia salamu na swali kama kamera imeturidhisha. Sitamrudishia, wala sitaiuza, kwa sababu kuna kipande kimoja ambacho wale wengine, kwa kulikodolea macho blanketi lenye shati, hawakukiona. Kabla ya kuchukua godoro, mume wangu anarudi upande wangu, ananivuta blanketi mpaka mabegani, ananibusu kwenye paji la uso, anasimama kidogo ananitazama katika giza ambamo yeye mwenyewe haoni kitu. Nilimwuliza ni usiku ule tu? Akasema ni kila usiku. Siku thelathini na tisa, Shangazi, nimebusiwa nikiwa nimelala, na nisingejua kamwe.

Mbebee salamu zangu Bibi, umwambie nakula vizuri. Msalimie Kaka Mrefu na wifi, na wale mapacha wasiotulia, na Mzee wako, ambaye sasa nina swali la kumwuliza kuhusu usingizi wake. Ukija, tutakulaza stoo. Imekuwa shwari kuliko chumba chochote cha nyumba hii.

Mungu akulinde, akupe goti la msichana na usingizi usiokatika.

Ni mimi wako nikupendaye, nikoromewaye kila usiku kwa furaha,

Kipenzi chako, Bi Harusi wa Mlango wa Bluu